Modemu ya Ndani au ya Nje? Jibu kwa Mama wa Tororo

Barua iliyonifikia juma hili imeandikwa na mama mmoja akaaye Tororo na afanyaye kazi Busia, upande wa Kenya. Alfajiri hupanda gari na kompyuta yake ya mkononi ndani ya mkoba, huvuka mpaka, na mchana kutwa huwachapia watu barua za maombi, huwajazia fomu za serikali katika tovuti ya eCitizen, na huwatolea nakala za vyeti. Jioni hurudi nayo nyumbani, na watoto wake wawili huifungua kwa masomo yao kabla ya kulala. Kompyuta hiyo si pambo. Ndiyo jembe la nyumba ile. Mwezi wa nne radi iliiua.

Ilikuwa Jumapili, saa kumi za jioni, kompyuta iko mezani imechomekwa ukutani inatiwa chaji, na ubavuni mwake umechomekwa waya mrefu utokao kwenye kipokezi cha intaneti kilichofungwa juu ya mlingoti nje ya nyumba. Radi haikuipiga nyumba. Ilipiga mti wa jirani. Hata hivyo kipokezi, chaja na kompyuta vilikufa kwa pamoja. Watoto, namshukuru Mungu pamoja naye, walikuwa chumba cha pili.

Sasa zamu yake katika chama imefika na fedha anazo. Muuzaji wa kompyuta zilizokwisha kutumika amemwonyesha mbili, zote zimewekewa Linux, maana muuzaji huyo hapendi kuuza programu za wizi, nami nampongeza. Moja ina modemu ndani yake, na kitundu cha kutilia laini kiko chini ya betri. Bei yake imepanda kidogo. Nyingine haina modemu, na anayeichukua atanunua modemu ya kuchomeka pembeni. Muuzaji amemwambia, "Mama, ya ndani ndiyo ya kisasa, hakuna cha kuning'inia." Naye mwandishi wetu ameongeza hoja yake mwenyewe: "Nilikuwa na modemu ya nje, ile ya mlingotini, na radi ikapita humo humo. Je, si afadhali sasa nichukue yenye modemu ndani, isiyo na waya wowote?"

Nitatangulia kulitoa jibu, maana najua muuzaji anamngoja. Achukue kompyuta isiyo na modemu ndani, na kwa fedha itakayobaki anunue modemu ya kuchomeka isiyofungwa kwa kampuni yoyote ya simu. Ila hoja yake ya radi si ya kupuuzwa, ni hoja ya mtu aliyetazama kilichomtokea na kufikiri, na kuijibu kunadai nianzie mbali kidogo.

Modemu ni mkalimani. Kompyuta hujua namba tu, moja na sufuri. Waya wa simu wa zamani ulijua kubeba sauti, na mnara wa simu za mkononi hurusha mawimbi. Lazima awepo wa kati atakayeigeuza lugha ya namba iwe ya sauti au ya mawimbi, na kuirudisha tena. Hata jina lake limeundwa kwa kuunganisha vipande vya maneno mawili ya Kiingereza, moja la kugeuza na moja la kurudisha. Swali la ndani au nje kwa hakika ni swali la makao ya mkalimani huyu: akae chumbani mwa kompyuta, au akae barazani?

Mwaka 2007 nilikuwa mwanachuo wa ualimu katika chuo kimoja cha upande huu. Chuo kilikuwa na kompyuta moja tu ambayo wanachuo tuliruhusiwa kuigusa, ya mezani, nzito, yenye skrini ya tumbo kubwa. Mkufunzi wetu alikuwa ameiandikia kampuni ya Canonical, ambayo kuanzia mwaka 2005 hadi 2011 ilikuwa ikituma diski za Ubuntu kwa posta, bure, kwa yeyote aliyeomba kutoka pembe yoyote ya dunia. Ubuntu ni moja ya namna za Linux, ule mfumo wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Bahasha ikafika, tukaitia diski, na kila kitu kikaitika: kibodi, kipanya, sauti, hata printa ya zamani. Kilichokataa ni modemu. Tuliiona kwa macho, kadi ya kijani iliyochomekwa ndani, na waya wa simu umeingia kisawasawa. Kwa Linux ilikuwa kana kwamba haipo.

Tulihangaika nayo majuma mawili tukiamini kuwa imeungua. Mwishowe mkufunzi akairudisha Windows, na kadi ile ile ikapiga simu mara ya kwanza, kwa mlio wake ule wa kukwaruza ambao waliousikia hawajausahau. Kumbe haikuwa mbovu. Ilikuwa nusu.

Nilikuja kuelewa baadaye. Katika miaka ya 1990 watengenezaji waliona kuwa wanaweza kupunguza gharama kwa kuiondolea modemu ya ndani zile chipu zifanyazo kazi yenyewe ya ukalimani, na kazi hiyo wakaiachia bongo kuu la kompyuta, kwa kutumia programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Jina Winmodem, ambalo kwanza lilikuwa alama ya biashara ya kampuni ya U.S. Robotics, likageuka kuwa jina la ukoo mzima wa vifaa hivyo. Inasimuliwa kuwa boda boda ilizaliwa hapa hapa mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha watu na mizigo kati ya kizuizi cha nchi moja na cha nchi ya pili. Basi Winmodem ni mwendesha boda boda anayekupandisha nyuma, kisha anakuambia ukanyage pedali wewe. Windows ilikuwa imefundishwa kukanyaga. Linux haikufundishwa, na watengenezaji wengi hawakutaka kuonyesha pedali zilipo.

Watu wa kujitolea walipambana na jambo hili miaka mingi. Kadi zilizokuwa na chipu za Lucent zilipata programu ya kuziendesha katika Linux. Kwa zile za Conexant, kampuni moja iitwayo Linuxant ilitoa programu ya bure iliyofungwa kwenye mwendo wa kilobiti 14.4 kwa sekunde, ilhali modemu yenyewe ilijengwa kwa 56. Aliyetaka mwendo kamili alilipa. Kadi nyingine hazikupata mkombozi kabisa.

Mkufunzi wetu hakuwa mtu wa kushindwa. Akaazima modemu ya nje: kisanduku kidogo chenye safu ya taa nyekundu, chaja yake mwenyewe, na waya uingiao katika tundu la pini 9 nyuma ya kompyuta. Linux haikumwuliza swali hata moja. Kisanduku kile kilikuwa modemu nzima, chenye chipu zake zote, nacho kilizungumza lugha ya amri ambayo kampuni ya Hayes ya Marekani iliianzisha mwaka 1981 katika modemu yake iliyoitwa Smartmodem. Amri hizo huanza na herufi AT. Ukiandika ATDT ukafuatisha namba, modemu hupiga simu. Ukiandika ATH, hukata. Kompyuta yoyote inayoweza kutuma herufi inaweza kuiamuru, iwe ya Windows, ya Linux au ya mfumo ambao haujabuniwa bado. Wengine hawataamini, lakini modemu nyingi za kuchomeka zinazouzwa leo, zaidi ya miaka 40 baadaye, bado huelewa AT.

Hapo ndipo nilipojifunza kipimo ninachokitumia hadi leo. Siulizi kwanza modemu imekaa wapi. Nauliza kama inaifanya kazi yake yenyewe, na kama naweza kuiondoa bila kuivunja kompyuta.

Nifike sasa kwenye radi, maana Tororo haiwezi kuzungumziwa bila radi. Kumbukumbu za hali ya hewa za miaka ya 1967 hadi 1976 zilionyesha wastani wa siku 251 kwa mwaka ambazo ngurumo ilisikika mjini humo, hesabu iliyouingiza mji huo katika vitabu vya maajabu ya dunia. Siku 251 katika 365! Ziwa Victoria liko kusini na Mlima Elgon uko kaskazini. Hewa yenye unyevu kutoka ziwani hupanda ikikutana na joto la mchana, na alasiri mawingu husimama nyuma ya Mwamba wa Tororo kama ukuta. Busia nayo imo katika ukanda huo huo. Mwezi wa sita mwaka 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 kwa pigo moja. Kwa hiyo naliandika jambo hili kwa uzito wake.

Modemu ya kuazima iliishi kwetu muhula mmoja tu. Alasiri moja mvua ilikuja kwa ghafla, sote tukakimbilia madarasani kufunga madirisha, na hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya wa simu. Tuliporudi, chumba kilinuka plastiki iliyoungua na taa zote za kisanduku zimezimika. Radi haikuwa imepiga chuo. Ilipiga mahali fulani kando ya njia ya simu, na waya wa shaba uendao kilomita nyingi juu ya nguzo hukusanya nguvu ya radi hata ile iliyopiga kando yake. Nguvu hiyo hutafuta ardhi. Huingia kwa waya wa simu, hupita katika modemu, na kutokea kwa waya wa umeme wa ukutani. Modemu ikiwa ndani, njia hiyo hukatiza katikati ya ubao mkuu wa saketi, na ubao ukifa kompyuta imekufa. Yetu ilikuwa nje, ikafa peke yake. Tuliilipia kwa mchango, mwenyewe akiwa amenuna, lakini kompyuta iliwaka jioni ile ile.

Na iwekwe wazi kwamba ile ilikuwa nusu ya bahati. Waya wa pini 9 ulikuwa ungali umechomekwa, na radi kali zaidi ingeliweza kupita huko pia.

Sasa namrudia mama yetu, aliyekuwa na kifaa cha nje na bado akapoteza kompyuta. Kilichomponza ni ule waya mrefu wa shaba ulioshuka kutoka mlingotini hadi mezani, ukaungana na chaja iliyokuwa ukutani. Alikuwa amejenga bila kujua njia ile ile ya simu ya zamani: mlango mmoja wa kuingilia radi, mlango wa pili wa kutokea, na kompyuta katikati. Modemu ya kuchomeka yenye urefu wa kidole haina waya mrefu, na modemu ya ndani ya kompyuta ya mkononi haina pia. Zote mbili hupokea mawimbi ya mnara hewani. Kwa upande wa radi, basi, hizi mbili ziko sawa, na mlango unaobaki ni mmoja, chaja ya ukutani. Hofu yake ya waya ni ya haki. Alipokosea ni kudhani kuwa dawa yake ni kuhamia ndani.

Kwa nini basi bado nasema nje?

Kwanza, ile desturi ya kuuza nusu haikufa pamoja na simu za waya. Kompyuta za mkononi za ofisini zinazoletwa huku kutoka Ulaya zikiwa zimetumika, nyingi zina nafasi ya kadi ya modemu chini ya kifuniko. Baadhi ya kadi hizo huitika kwa Linux vizuri kabisa. Nyingine zina kufuli: kwa ajili ya kanuni za tume ya mawasiliano ya Marekani, kadi huja imezimwa, na hungoja neno la siri kutoka kwenye programu ya kompyuta ndipo ifungue redio yake. ModemManager, programu ya Linux isimamiayo modemu, ilikuwa ikilitoa neno hilo yenyewe. Tangu toleo lake la 1.18.4 hailitoi tena mpaka mwenye kompyuta ajue kuiruhusu. Kuna kadi iitwayo Fibocom L850, ambayo ndani ya kompyuta nyingi za Lenovo ilikaa miaka kadhaa bila programu rasmi ya Linux kwa namna ilivyounganishwa, mpaka watu wa kujitolea wakajiandikia yao. Na Lenovo hao hao, katika kompyuta nyingi za ThinkPad, waliweka orodha ya kadi zinazokubalika: ukitoa kadi mbovu ukatia nyingine isiyo katika orodha, kompyuta hugoma kuwaka na kukuandikia ujumbe wa kukukemea. Mama mwenye foleni ya watu mlangoni hana nafasi ya kukemewa na kompyuta.

Sisemi kila modemu ya ndani ni mtego. Mtu asafiriye kwa basi kila siku huipenda, kwa kuwa hakuna kinachotokeza pembeni cha kugongwa na kuvunjika, na mwenye watoto wadogo anajua wanavyovutiwa na kitu chochote kinachochomoka. Akiamua kuichukua hiyo ya ndani, asilipe kabla muuzaji hajatia laini mbele yake, katika Linux hiyo hiyo, na ukurasa wa intaneti ukafunguka. Neno la "itafanya kazi tu" si jaribio.

La pili ni mpaka wenyewe, na hapa ndipo napenda kukaa zaidi.

Busia ni miji miwili yenye jina moja. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi mwezi wa pili mwaka 2018, kimewawezesha wasafiri kumaliza shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja, lakini mawimbi ya minara hayajawahi kupanga foleni popote. Mnara wa Kenya husikika ng'ambo ya pili, na wa Uganda vivyo hivyo. Modemu hutafuta sauti yenye nguvu. Laini ya Uganda ikiwa ndani ya kibanda upande wa Kenya, na huduma ya nje ya nchi ikiwa wazi, modemu inaweza kushika mnara wa Kenya na kula fedha kwa bei ya mgeni. Mpango wa Eneo Moja la Mtandao, ulioanza mwaka 2014, ulilenga hasa gharama za maongezi ya simu. Asidhani mtu kuwa vifurushi vya intaneti vimekuwa vya ujirani mwema. Na upande wa Uganda, tangu mwezi wa saba mwaka 2021, intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kila kifurushi kilichopotea kimepotea pamoja na ushuru wake.

Mama huyu anahitaji laini mbili, ya Kenya mchana na ya Uganda usiku. Kwa modemu ya ndani ya kompyuta aliyoonyeshwa, kubadili laini ni kuzima kompyuta, kutoa betri, kutia laini, kurudisha betri, mara mbili kila siku. Betri hiyo na kitundu hicho vitachoka kabla ya mwaka. Kwa modemu ya nje, laini hubadilishwa kama mtu abadilishavyo betri ya tochi. Akiweza kununua mbili, na achore alama kwa rangi ya kucha, moja ya Busia na moja ya Tororo, hatafungua kifuniko hata mara moja.

Lakini lazima iwe isiyofungwa. Modemu zinazouzwa na kampuni za simu kwa bei nafuu mara nyingi hufungwa zikubali laini za kampuni hiyo peke yake. Ukivuka mpaka nayo inageuka kuwa kipande cha plastiki. Aende dukani na laini zake zote mbili, na kila moja ijaribiwe. Tena aulize kama ni ya 4G. Modemu nyingi za zamani, kama Huawei E153 na E173, zinaishia 3G, na ndizo zilizojaa katika masanduku ya vitu vya rejareja.

Ndani ya Linux, katika mahali pa kupangia mitandao, kuna kisanduku cha kuruhusu kushika mtandao wa nje ya nchi. Akiondoe alama. Anayetaka uhakika zaidi anaweza kuiandikia modemu namba ya mtandao anaoutaka, ili isitazame mwingine: Safaricom ni 63902, Airtel ya Kenya 63903, Airtel ya Uganda 64101, na MTN ya Uganda 64110. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi, 639 kwa Kenya na 641 kwa Uganda. Nimeziona nyumba mbili zikiacha kulalamikia vifurushi kwa kuandika namba hizi tu.

Kuna mambo mawili ya kuudhi ambayo ni vema ayajue mapema. Modemu nyingine, ukiichomeka mara ya kwanza, hujidai ni diski yenye programu ya Windows, na Linux huiamini. Programu ndogo iitwayo usb_modeswitch ndiyo huiambia iache mzaha na iwe modemu. Katika Linux nyingi imo tayari. Kama haimo, itahitaji intaneti kuipata, nawe modemu yako ndiyo hiyo inayogoma! Chomeka simu ya mkononi kwa waya wa chaja, ruhusu simu igawe intaneti, ipakue, kisha endelea. Jambo la pili: modemu za aina ambayo Huawei huiita HiLink hazionekani kama modemu kabisa, bali kama waya wa mtandao wa kawaida, mipangilio yake hufunguliwa katika kivinjari kwa kuandika 192.168.8.1. Hizo ni rahisi mno kwa Linux, nami ndizo ninazompendekezea. Kasoro yake ni kuwa kompyuta hudhani imepata intaneti ya bure ya ofisini, ikaanza kupakua maboresho makubwa kwa fedha za mama wa watu. Katika mipangilio ya muunganisho huo aweke alama kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo.

Ikiwa mawimbi ni hafifu ndani ya kibanda cha bati, waya wa kurefushia tundu la USB, mita mbili au tatu, utaifikisha modemu dirishani. Usizidi mita tano, umeme wa USB huchoka njiani. Modemu ya ndani haiwezi kusogezwa dirishani isipokuwa kompyuta nzima isogee nayo, na wateja wasimame nje ya mlango.

Yupo atakayeniuliza, na simu? Simu aliyonayo mama huyu ni modemu ya nje kamili, na kama fedha haitoshi aanze nayo. Ila mtu akipiga, au betri ikiisha saa nane mchana wakati fomu iko katikati, ndipo atakapojua kwa nini namtaka awe na kifaa cha pekee kwa kazi.

Na mawingu yanapopanda nyuma ya Mwamba, sheria ya nyumba iwe moja kwa mtoto na mtu mzima: ngurumo ya kwanza ikisikika, chaja inachomolewa ukutani, na kompyuta inaendelea kwa betri au inafungwa. Kuzima swichi hakutoshi, maana radi huruka nafasi ya swichi bila taabu. Kile kinga cha soketi nyingi kinachouzwa sokoni hupunguza misukosuko ya umeme wa kila siku. Pigo la radi la karibu kinalipita. Anayetaka kujua umbali ahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, agawe kwa tatu, apate kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, radi iko karibu vya kutosha kudhuru. Chaja isirudi ukutani mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mlingoti wa zamani ung'olewe pamoja na waya wake, au kama jamaa wanautaka kwa televisheni, fundi autie waya mnene wa ardhini nje, kabla waya haujaingia nyumbani.

Mwisho wa barua yake mama ameuliza, kwa mstari mmoja tu kana kwamba ameona haya, kama barua na vyeti vya wateja wake vilivyokuwamo katika kompyuta iliyoungua vimepotea. Asiitupe hiyo kompyuta, wala asimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Radi ya namna hii mara nyingi huua ubao mkuu na kuiacha diski hai. Amwombe fundi aitoe diski, aitie katika kasha la USB, na kuichomeka kwenye kompyuta mpya. Linux nyingi husoma diski za Windows bila nyongeza yoyote, na ikiwa ya zamani ilikuwa Linux, itasomeka pia, isipokuwa ilifungwa kwa nywila, na hapo atahitaji nywila hiyo. Diski ikizunguka na majalada yakaonekana, anakili kwanza yale ya wateja, ndipo yafuate ya watoto.